Vitabu Vinavyonuka Samaki

Prefe Gérard alialikwa kwenye redio ya hapa mjini, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kunyamaza, akaongea karibu asubuhi nzima. Alisema vitabu vya kale vina harufu yake, na harufu hiyo ni harufu ya hekima. Ukifungua kitabu cha zamani ukavuta pumzi, alisema, unavuta roho za wenye akili waliokisoma kabla yako. Mtangazaji akawa anaguna kwa utamu. Mimi nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya mihogo. Niliuacha mchi ndani ya kinu nikacheka peke yangu, mpaka jirani akachungulia kuona kama niko mzima.

Hekima! Hekima gani hiyo inayonuka kambale?

Niseme mapema mimi ni nani, mtu asije akadhani ni chuki ya bure. Naitwa Pélagie, naishi mtaa wa Mikelenge, na nilifundisha Kifaransa katika sekondari ileile aliyoiongoza Gérard. Prefe, huku kwetu, ni mkuu wa shule. Gérard amestaafu siku nyingi, lakini cheo hakivui hata akienda kuoga. Marehemu mume wangu, Okito, alifundisha kemia shuleni hapo, ila mji huu wa Kindu unamjua kwa jina jingine. Unamwita Okito Mwizi wa Vitabu, na wenye haraka wanasema Okito Mwizi tu. Alikufa na jina hilo wakati wa vita. Binti yetu Naomie alikua nalo, akaolewa nalo, na sasa wanawe wanalisikia uwanjani wakicheza mpira.

Vitabu vyenyewe vipo, na ndivyo hivyo Gérard alivyokuwa akivisifia redioni. Vimejengewa chumba cha kusomea, chenye makabati ya vioo kutoka Kinshasa, na chumba kitaitwa kwa jina lake, mtu aliye hai anayekula na kushiba. Eti yeye ndiye aliyeviokoa. Alichimba shimo nyuma ya nyumba yake, akavifukia ndani ya masanduku ya chuma, akavilinda kwa maombi mpaka amani ikarudi. Na vile vilivyokosekana? Ah, hivyo aliviuza Okito. Mji mzima umeimeza hadithi hiyo bila hata maji ya kusukumia.

Mimi nataka kitu kimoja kabla sijafa. Nataka jina la mume wangu lisafishwe hadharani, mbele ya walewale waliolichafua.

Okito alikuwa na maelezo ya kila kitu, na mtu wa namna hiyo anachosha kukaa naye. Ukimwambia chai ina moto, anakueleza moto ni nini. Mwanafunzi mmoja alimuuliza siku moja kwa nini vitabu vya zamani vya shule vinanuka, na somo la siku hiyo likafia hapo. Karatasi ni mti uliopondwa, akawaambia. Ndani ya mti mna kitu kama gundi kinachoushikilia usimame. Karatasi ikizeeka, gundi hiyo inavunjika polepole, na katika kuvunjika inatoa harufu tamu, nduguye vanila. Kitabu kinanukia kwa sababu kinakufa. Hiyo ndiyo harufu yake mwenyewe, akasema, na nyingine zote ni za majirani, maana karatasi ina kiu na inakunywa chochote kilicho karibu: ukungu, tumbaku, mafuta ya taa, jasho la msomaji. Jua linakikausha kitabu ngozi ya nje tu. Mvua ikinyesha na hewa ikijaa unyevu, kinatapika kila kilichomeza. Alikuja nyumbani akanirudia mimi somo zima, nikiwa nimeshika mwiko.

Mwaka wa tisini na nane waasi waliingia Kindu, na kikosi kimoja kikalala shuleni kwetu. Madawati yakawa kuni. Vitabu vikawa vya kuwashia moto na kusokotea tumbaku. Okito aliyaona hayo akaugua kabisa, akawa anageuka kitandani kama mwenye homa. Kisha akaacha kugeuka akaanza kuiba. Nasema kuiba maana ndivyo ilivyoonekana: aliingia kwa dirisha la maabara, ambalo komeo lake lilivunjika tangu zamani na Gérard akaahidi kila mwaka kulitengeneza, akatoka na vitabu ndani ya magunia. Bandarini aliviweka chini ya vikapu vitupu vya samaki, akapiga kasia kufuata maji ya mto Lualaba mpaka kijiji cha Lokandu, kwa mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mkausha samaki. Juu ya jiko lake palikuwa na uchaga mrefu wa miti, samaki wakilala chini karibu na moto, na juu kabisa, kwenye moshi mkavu, akitundika mahindi yake ya mbegu. Kila mwenye shamba mkoani Maniema anajua kwamba mahindi ya mbegu hayawekwi ghalani. Yanawekwa juu ya moshi, na huko mdudu hayagusi wala hayaoti ukungu. Basi mwalimu wa kemia mwenye diploma akakwea ngazi, akavipanga vitabu vya serikali katikati ya mahindi. Kamusi ikalala na magunzi. Nilipoambiwa nilimuuliza kama anatarajia viote.

Tuliojua ni wawili, mimi na Gérard, ambaye siku hizo alikuwa bado rafiki. Gérard alicheka sana. Alisema hicho ni kichekesho cha mwaka, prefe mzima kutunziwa maktaba yake na bibi wa dagaa.

Jina la mwizi lilianzia kwa Mama Germaine. Wakati huo alikuwa akiuza mikate ya mafuta bandarini, na askari walimpa kurasa za vitabu afungie. Mtu mmoja akafungua mkate wake akakuta ramani ya Afrika imelowa mafuta, akamuuliza kurasa hizi umezipata wapi. Kuwataja askari ilikuwa hatari. Germaine akatazama huku na huku, akasema, "Si Okito? Nilimuonaka na magunia." Siku hiyohiyo habari ikafika mtaa wa Kasuku, ikavuka mto mpaka Alunguli, na ilipogeuka kurudi kwangu ilikuwa imenenepa. Okito ana duka la karatasi. Okito anajenga.

Nilitaka nitoke nikapayuke. Okito akanikataza.

"Acha waseme, Mama Naomie," akaniambia. "Wakiniita mwizi, hakuna mutu atatafuta vitabu iko wapi. Jina litarudia vita ikiisha."

Mwenye maelezo ya kila kitu, na hilo nalo akalieleza hivyo. Niliona ni upumbavu, na mpaka leo naona ni upumbavu. Tena kila aliporudi kutoka Lokandu alinuka. Nguo, nywele, ngozi, kila kitu chake kilikuwa moshi na samaki, na sabuni yenyewe wakati ule ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Alikuwa anafungua mikono anisalimu, nami namsimamisha mlangoni. "Nenda ukaoge kwanza," namwambia. Anacheka, anaenda.

Mwaka wa elfu mbili na mbili mji ulizingirwa, na mto ukafungwa. Okito alikuwa Lokandu, amekwenda kuangalia mahindi yake yasiyoota. Homa ilimkuta huko, dawa hakuna, njia hakuna. Mama yake akamzika, na kabla mvua za mwaka uliofuata hazijaisha, wenyeji wakamzika na mama mtu. Mimi nilipata habari baada ya kila kitu, kutoka kwa mtu aliyekuja kuuza mawese.

Amani ilipokuja, Gérard alipanda boti akaenda Lokandu, akarudi na vitabu ndani ya magunia. Akavifungia katika masanduku ya chuma chumbani kwake. Kwa hiyo masanduku yalikuwapo kweli, mtu huyu hata uongo hawezi kuutunga wote mwenyewe. Mwanzoni alisema tu kwamba vitabu vimepatikana. Watu wakauliza vimepatikana wapi, akaona macho yao yanavyong'aa, na shimo likaanza kuchimbika mdomoni mwake. Kila mwaka likaenda chini zaidi. Nilikwenda kwake nikamuuliza ana kwa ana.

"Mama Naomie," akasema kwa sauti ya msibani, "Okito hayuko tena. Jina litamusaidia nini?"

Nilipowaambia wengine, walitikisa vichwa kwa huruma. Mke anamtetea mumewe, wakasema, ni haki yake. Hata ile huruma nilitamani kuwatemea.

Sasa turudi mwaka huu. Baada ya redio, kamati ya chumba cha kusomea iliita akina mama wakapanguse vumbi. Rais wa kamati anaitwa Ephraïm, kijana mpole mwenye suti moja na maoni ya mtu wa mwisho kuongea naye. Nilikwenda na kitambaa changu. Sikuwa nimeviona vitabu hivyo tangu vilipoondoka bandarini chini ya vikapu. Wenzangu wakaanza kufuta makabati. Mimi nilichukua kamusi nene ya Kifaransa, nikaifungua katikati, nikaingiza pua.

Ilikuwa Lokandu. Ulikuwa moshi wa kuni na mafuta ya samaki yaliyodondokea kwenye makaa, na nyuma yake kile kitu ambacho mama mkwe wangu peke yake alikifanya: alikuwa akitupia motoni makapi ya chikichi yaliyobaki baada ya kukamua mawese, samaki wake wakatoka na rangi na harufu ambayo sokoni Kindu watu hawakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Miaka yote hiyo ndani ya masanduku ya Gérard, yaliyofungwa yasipitishe hewa, harufu ilikuwa imekaa palepale inaningoja. Niliangalia na kurasa. Hapakuwa na tundu hata moja la mdudu. Nilifurahi mpaka nikaogopa nitalia mbele ya wale wanawake.

"Papa Ephraïm," nikaita, "nusa hapa."

Akanusa kwa adabu. "Ni ya zamani, Mama. Vitabu ya zamani njo inanukaka vile."

"Vinanuka nini?"

"Vinanuka... zamani."

"Kitu iliyozikwa ndani ya udongo ya Kindu inanuka moshi? Chungu chenyewe kinaoza humu. Ungetoa uji, si kamusi."

Ephraïm akageuka kutafuta mtu wa kumpa maoni. Gérard alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, akaitazama kamusi, na nikaona kabisa jinsi alivyoelewa. Akaja, akanusa mwenyewe, akakunja uso.

"Wageni wanatoka Kinshasa," akamwambia Ephraïm. "Hatuwezi kuwanusisha hii kitu. Mutoe vitabu vyote ku jua."

Hekima ya redioni ilikuwa imegeuka uvundo kabla ya mchana. Hakuna aliyemuuliza kulikoni.

Ilikuwa kiangazi, jua la kukausha mihogo, na vitabu vikatandazwa kwenye turubai mbele ya chumba kama mihogo hiyohiyo. Josiane, mkwe wa Gérard, akavinyunyizia poda ya watoto katikati ya kurasa. Siku iliyofuata akaja na manukato ya chupa, ya waridi, akavipulizia kimoja kimoja. Nilikuwa napita kila siku nikijifanya nakwenda sokoni, nainama, nafunua, nanusa. Kila siku Lokandu ilikuwa inarudi nyuma. Ilifika mahali nikawa napata waridi, kisha matako ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na moshi mwembamba kwa mbali. Mume wangu alikuwa anaanikwa juani ili afe vizuri mara ya pili, na mji mzima unapita unasema angalia kazi nzuri ya Prefe.

Naomie alikuja nyumbani kunisihi. "Mama, acha. Harufu haiko ushahidi. Watu watakucheka."

"Wamenicheka tangu uko mutoto. Wamechoka wao, si mimi."

"Na mimi? Na watoto?" akasema, na macho yake yakajaa. "Wamesahau-sahau kidogo sasa. We unataka wakumbuke."

Hilo liliniuma. Lakini siku iliyofuata nilipita tena. Walinzi wa turubai walikuwa wanasinzia. Nilichukua ile kamusi nikaiingiza chini ya kikwembe, kitenge changu cha kiunoni, nikaifunga tumboni, nikaanza kuondoka. Nilitaka nikaifungie ndani ya chungu, nibaki hata na kimoja. Nilikuwa nimefika kwenye lango ndipo nikajiona kwa macho ya wengine: mke wa Okito Mwizi amekamatwa na kamusi tumboni! Gérard angechinja mbuzi. Nilirudi nikaitupa kwenye turubai, nikajitukana kwa Kifaransa, ambacho kinafaa zaidi kwa kazi hiyo.

Nikiwa njiani kurudi, nimekasirika kiasi cha kumsemesha marehemu, somo lake likanirudia. Jua linakausha ngozi ya nje tu. Kilichomezwa kiko ndani, kinangoja unyevu. Nikatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu, na uzinduzi wa chumba ulikuwa wiki hiyohiyo.

Basi ndege ya wageni ikaahirishwa. Wakatangaza tarehe nyingine, nayo ikaahirishwa. Watu wa Kindu tumezoea kulaani ndege, maana ndiyo njia yetu ya kufika popote, lakini mwaka huu mimi niliwaombea heri marubani wote. Septemba ikaingia. Vitabu vilikuwa vimekwisha kupangwa ndani ya makabati ya vioo, milango imefungwa, vikinuka waridi. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mto. Siku ndege ilipotua hatimaye, ilitua kwenye mvua ya kwanza, na siku ya pili yake, ya uzinduzi, ilinyesha kama inadai kitu.

Kwa sababu ya mvua, wote tuliokuwa tukae nje chini ya hema tulisongamana ndani. Madirisha yalifungwa. Nguo zilikuwa mbichi, joto la watu likapanda, ukuta ukatoka jasho. Mbele walikaa wakubwa: Ephraïm na suti yake, mgeni rasmi Madame Gisèle, mama mnene mwenye miwani, mzaliwa wa Kalemie aliyehamia Kinshasa, na Mama Germaine. Ndiyo, yuleyule. Siku hizi ni tajiri wa samaki na mkuu wa akina mama wa soko, anaalikwa kila mahali penye viti. Ukutani, juu ya makabati, palikuwa pameandikwa jina kwa rangi, limefunikwa kitambaa cheupe chenye kamba ya kuvuta. Naomie alikuwa kando yangu, ameushika mkono wangu ili nisifanye jambo.

Gérard akasimama. Akaanza na shimo.

"Mwaka wa tisini na nane, nilichimba na hii mikono," akasema, akaionyesha. Mikono laini, haijawahi kung'oa hata mhogo. Alichimba kwenda chini, akazika, akaomba, akalia. Alipofika mahali pa kulia, akampa Ephraïm ishara, na Ephraïm akafungua makabati yote, ili wageni wavione vitabu vilivyofufuka kutoka ardhini.

Mwanzoni ilikuwa waridi. Kisha waridi ikasogezwa pembeni. Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pua, na mwingine, na tumbo la mtu likanguruma. Ilitoka taratibu, nzito, ikajaa chumba: moshi, mafuta, samaki. Watoto waliokuwa sakafuni wakaanza kugeuka kutafuta sufuria. Gérard aliendelea kuchimba.

Madame Gisèle akainua mkono. "Samahani, Prefe. Kuna mtu anapika samaki humu ndani?"

Watu wakacheka. Gérard akatabasamu kama padri. "Hapana, Madame. Hiyo ni harufu ya vitabu vya kale."

"Nimekaa na vitabu vya kale maisha yangu yote," akasema yule mama, "na hakuna hata kimoja kilichonitia njaa."

Naomie akaukaza mkono wangu. Nikaunyofoa, nikasimama.

"Papa Prefe," nikasema, "naomba kuuliza. Lile shimo yako ulilichimba wapi? Ndani ya jiko?"

Kicheko kikapasuka. Gérard akafuta uso kwa leso. Angeweza kunyamaza, nilishasema hakufundishwa.

"Mama Naomie hajui ujanja ya vita," akasema. "Juu ya sanduku nilitandika samaki, ili askari wakichimba waone ni chakula tu."

"Ili wale askari wenye njaa waone ni chakula, wakiache?"

Hapo hata Ephraïm alicheka, akakohoa kuficha. Gérard akafungua mdomo tena, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake. Mama Germaine alikuwa ameinua kidevu, macho amefumba, pua inafanya kazi. Huwezi kumkalisha mtu aliyeishi kwa samaki karibu na harufu ukamwambia asiisome.

"Iyi haiko samaki ya kuzikwa," akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Iyi ni ya moshi. Ni ya Lokandu. Na kuna makapi ya chikichi ndani... Eee, tangu lini sijanusa hii! Njo moshi ya mama yake Okito, kabisa, kabi—"

Akafumbua macho. Mkono ukaruka ukaufunika mdomo.

Mvua ilisikika juu ya bati. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimeandaa hotuba ya siku hii. Nilikuwa naifanyia mazoezi nikitwanga, nikifua, nikingoja usingizi. Ilikuwa na matusi mazuri, na mengine ya Kifaransa. Nikaitafuta kichwani, nikakuta hakuna kitu. Nilibaki nimesimama, mwanamke mzee aliyelowa mvua.

Aliyesema ni Naomie. Alisimama kando yangu, yeye aliyenisihi ninyamaze. "Mama Germaine, rudilia," akasema. "Ile jina. Rudilia ile jina, wote wasikie."

Germaine alinitazama mimi, si Naomie. "Okito," akasema. Kisha yakamtoka mengine bila kuombwa. "Karatasi ya mikate yangu askari njo walinipa. Niliogopa kuwataja. Nilitaja mutu asiye na bunduki."

Wote wakageuka kwa Gérard. Nilingoja ajitetee. Nilitaka ajitetee, nimpasue vipande. Alikaa kwenye kiti chake, akaitazama mikono yake ileile aliyotuonyesha, na hakusema lolote. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona ananyamaza, na haikunipa raha niliyoitegemea.

Ephraïm akaitazama kamba ya kitambaa, akamtazama mgeni, akanitazama mimi. Hakupata wa kumpa maoni. Kitambaa kiko palepale mpaka leo, na kamba inaning'inia, hakuna mwenye uso wa kuivuta. Watu wakienda kusoma wanasema wanakwenda kwa Okito. Na watu wenyewe ndio hao: kabla hata soda za sherehe hazijaisha, nusu ya chumba ilikuwa inaapa kwamba haikuwahi kuamini kile kisa cha wizi. Walijua siku zote! Walikuwa wananionea huruma tu! Mmoja akaniuliza, mdomo umejaa mkate, kama marehemu aliacha picha nzuri ya kutundika ukutani. Nikamwambia amalize kutafuna kwanza.

Madame Gisèle alikuja na ile kamusi mikononi. Sijui nani alimwonyesha ni ipi. "Nafikiri hii ikae nawe kidogo," akasema, akaniachia, akaenda kuangalia mvua.

Nikaifungua katikati. Waridi ilikuwa imekwisha, poda imekwisha. Moshi ulikuja kwanza, na chikichi, kisha chini kabisa, mahali ambapo sikuwa nimefika siku ile ya kupangusa, nikakuta kitu chembamba kitamu, nduguye vanila. Ni karatasi yenyewe, inakufa polepole kama alivyosema, na mpumbavu yule alikuwa sahihi hata katika hilo. Mengine yote yalikuwa yeye mlangoni kwangu, katoka mtoni, kafungua mikono anisalimu. Naomie akaniuliza ninatafuta nini humo muda wote huo. Nilizamisha uso mpaka kwenye mshono wa kitabu nikavuta pumzi, na safari hii sikumwambia aende akaoge.